Neema ya Mungu si mshahara wala bidhaa

Muhula wa tatu ukiwadia, shule nyingi humu nchini huandaa siku ya maombi kwa ajili ya watahiniwa. Wazazi hualikwa, wahubiri hualikwa, kalamu na rula huinuliwa juu zikabarikiwa, na watoto huwekewa mikono vichwani. Sina ugomvi na jambo hilo. Mtoto anayeukabili mtihani anahitaji kuombewa, na mzazi aliyeuza mbuzi ili kulipa karo ana kila sababu ya kulia mbele ya Mungu wake. Ninalolikataa ni lile linalofuata maombi katika baadhi ya mikutano hiyo. Bahasha hupitishwa, au nambari ya M-Pesa hutangazwa, kisha mzazi huambiwa kwamba akitaka mwanawe apate alama ya A hana budi kupanda mbegu inayolingana na A hiyo. Mjane aliyekuja na shilingi 50 huondoka akiamini kwamba amemnunulia mwanawe alama ya D.

Yaani neema sasa ina bei, na bei yenyewe hutangazwa kwa kipaza sauti mbele ya wanafunzi ambao asubuhi ya siku iyo hiyo wamefundishwa, katika somo la Dini ya Kikristo, kwamba mwanadamu huokolewa kwa neema wala si kwa matendo. Sijui mwanafunzi huyo anatarajiwa kumsadiki nani.

Suala hili ni kongwe. Mapema katika karne ya tano Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, alipambana na mafundisho ya Pelagius, aliyeshikilia kwamba binadamu anaweza kuishi maisha ya haki kwa juhudi na hiari yake. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika waliokutana Carthage waliyalaani mafundisho hayo. Mwaka 1517 Martin Luther alizipinga hati za rehema zilizouzwa Ujerumani huku sehemu ya mapato ikienda kujengea Kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma. Wanatheolojia wameyaandika hayo kwa wingi na kwa ustadi. Mimi si mmoja wao. Kazi yangu ni kuchunguza lugha. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba sehemu kubwa ya mkanganyiko wetu hapa Afrika Mashariki imejificha ndani ya maneno ya Kiswahili tunayoyatumia kila Jumapili bila kuyapima.

Tulianze neno lenyewe, neema. Katika Agano Jipya linasimama mahali pa neno la Kigiriki charis, ambalo katika nyaraka za Paulo ni wema anaotendewa mtu asiyestahili. Lakini neema lilikuwako katika vinywa vya Waswahili kabla Johann Ludwig Krapf hajatia mguu Mombasa mwaka 1844. Tulilipata kwa Waarabu, na maana yake ya kila siku ilikuwa, na ingali, wingi wa riziki. Mwaka wa neema ni mwaka wa mvua na mavuno. Aliyeneemeka ni aliyetajirika. Kinyume cha neema ni njaa na dhiki, si hukumu. Wafasiri hawakukosea kulichukua, maana Biblia ya Kiarabu nayo hutumia neno la mzizi huo huo, na sioni ni neno gani jingine lingalifaa zaidi. Fadhila? Fadhila kwetu hulipwa, na asiyelipa fadhila husemwa vibaya kijiji kizima. Hisani nayo ina mtego wake, kwani aliyetendewa hisani hukaa akingoja siku atakapoirudisha.

Matokeo ni kwamba msikilizaji anayehubiriwa neema ya Mungu huitupia macho ghala yake. Mhubiri wa utajiri hana haja ya kulipotosha neno. Huiokota tu ile maana ya zamani na kuipandisha mimbarani. Akisema, "Mungu atakuneemesha," kila mtu huelewa, na anachoelewa ni gari.

Neno la pili ni dogo zaidi, nalo ndilo lenye madhara makubwa zaidi. Ni kihusishi kwa. Kiswahili hukibebesha kihusishi hiki mizigo chungu nzima. Twasema mtu amesafiri kwa basi, amekufa kwa malaria, amejibu kwa hasira, amenunua kitabu kwa shilingi 500. Hicho hicho ndicho kinachotumika tunaposema mtu huokolewa kwa imani. Je, ni kwa ya basi au ni kwa ya shilingi 500?

Paulo hakuuacha mlango huo wazi. Kigiriki chake kina kihusishi dia, ambacho maana yake hubadilika kulingana na umbo la nomino inayokifuata: umbo moja huleta maana ya "kupitia", jingine huleta maana ya "kwa sababu ya". Anapozungumzia mtu kuhesabiwa haki na imani yake, Paulo hutumia lile la kwanza. La pili halitumii kamwe. Imani kwake ni mkono uliokunjuliwa ili upokee. Si fedha iliyomo mkononi. Wafasiri wa Biblia ya Muungano ya 1952 waliiona hatari hiyo, ndipo katika barua kwa Waefeso wakaongeza neno njia, ili msomaji ajue kwamba imani ni njia tu. Sisi tumeliangusha neno hilo njiani. Siku hizi imani imekuwa sarafu. Mgonjwa asipopona huambiwa kwamba imani yake ilipungua, kama vile mtu aliyefika dukani akakuta fedha zake hazitoshi. Nimemsikia mama akiambiwa hivyo kando ya kitanda cha mtoto wake hospitalini, na aliyemwambia alidhani anamfariji.

Neno haki nitalipitia upesi. Katika mazungumzo yetu haki ni kile mtu anachodai: haki ya mfanyakazi, haki ya mrithi, haki yangu nipe. Kwa hiyo "kuhesabiwa haki" huweza kusikika kana kwamba mtu amepigiwa hesabu ya stahili zake akakabidhiwa, ilhali Paulo anasema kinyume kabisa, kwamba hakimu amemwachilia mshtakiwa ambaye hakuwa na cha kujitetea.

Tufike sasa kwenye kitenzi ambacho nadhani ndicho kiini cha jambo lenyewe. Katika waraka kwa Waefeso wafasiri waliandika kuokolewa, kwa kauli ya kutendwa. Lakini mitaani, shuleni na kanisani hatusemi "nimeokolewa". Twasema "nimeokoka". Hiyo ni kauli ya kutendeka, na mwanafunzi yeyote wa sarufi anajua tofauti iliyopo. Kauli ya kutendwa humtaka mtendaji, hata asipotajwa: mlango umefunguliwa, basi yuko aliyeufungua. Kauli ya kutendeka humficha: mlango umefunguka. Mtoto aliyekiangusha kikombe jikoni huijua sarufi hii kabla hajaenda shule, ndiyo maana husema kikombe kimevunjika. Wala huwezi kumrudisha mtendaji kwa kutumia na. Twasema "nimeokolewa na Yesu". Hatusemi "nimeokoka na Yesu" tukikusudia kwamba Yesu ndiye aliyetuokoa.

Msemo huo wa kuokoka ulipata nguvu mpya kutokana na ule uamsho mkuu ulioanzia Rwanda na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920 na katika miaka ya 1930, ukahusishwa sana na Gahini, hospitali ya misheni alipofanya kazi daktari Joe Church, na Mganda Simeoni Nsibambi, kisha ukaingia Kenya mwaka 1937. Waganda waliwaita watu hao balokole, yaani waliookoka. Nawaheshimu ndugu hao. Walisimama hadharani wakaungama wizi na chuki zao, wakarudisha mali za watu, wakala sahani moja na watu wa makabila na rangi nyingine enzi za ukoloni, na baadhi yao katika Kenya ya miaka ya 1950 waliuawa kwa kukataa kula kiapo, huku wakikataa pia kubeba bunduki ya serikali. Mahubiri yao yalikuwa juu ya msalaba, si juu ya bidii yao. Kwao mtendaji alijulikana. Hakuhitaji kutajwa na sarufi.

Shida ilikuja baadaye, pale kitenzi kilipowafikia watu wasiokuwa na kumbukumbu hiyo. Mtendaji aliyefichwa akasahauliwa, na kuokoka kukawa sifa ya mtu, kama vile kunenepa au kuelimika. Leo ukiuliza maana ya "fulani ameokoka" utajibiwa kwamba hanywi pombe, havuti sigara, haendi disko, na kama ni msichana, hasuki nywele kwa namna fulani wala havai suruali. Ni orodha ya matendo! Na tena matendo ya kutotenda. Hivyo fundisho lililokuja kumweka huru mtu na sheria limemzalia sheria nyingine, yenye vifungu vingi kuliko ile ya kwanza, na askari wake ni majirani. Wanafunzi wa bweni wanaijua vyema hali hii. Wapo wanaookoka kila muhula, kwa sababu kila muhula huanguka katika kifungu kimojawapo cha orodha, na hakuna aliyewaambia kwamba kuokolewa si kazi yao ya ziada.

Watakuwapo watakaosema kwamba haya ni mabishano ya wanasarufi wasio na shughuli. Laiti ingekuwa hivyo. Mnamo Aprili 2023 taifa letu lilianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na kabla ya kazi hiyo kukoma miili zaidi ya 400 ilikuwa imetolewa, mingi ikiwa ya watoto. Ya mahakama nayaachia mahakama. Lakini imani iliyosimuliwa na walionusurika haifichiki: kwamba kwa kufunga kula hadi kufa mtu angefika kwa Yesu. Nimesoma maelezo mengi juu ya msiba huo, yanayozungumzia umaskini, ulegevu wa polisi na ukosefu wa sheria za kuyasimamia makanisa. Yote yana uzito. Sikuona wengi waliosema kwamba fundisho lenyewe lilikuwa wokovu kwa matendo, tendo lenyewe likiwa kifo. Mtu aliyesadiki kwamba mbingu imekwisha kulipiwa hawezi kushawishika kwa urahisi kuilipia kwa mwili wa mwanawe.

Kiswahili lakini hakikutunyima kila kitu. Tuna neno moja ambalo, kwa maoni yangu, linalipita la Kiingereza na la lugha nyingi nyingine, nalo tunalionea haya. Neno hilo ni bure.

Bure ina nyuso mbili. Kitu cha bure ni kile kisicholipiwa, na kazi ya bure ni ile isiyokuwa na faida: nimehangaika bure, amekufa bure. Anayejifunza lugha yetu hushangaa kuona maana hizi mbili ndani ya neno moja. Kumbe Kigiriki cha Paulo kina neno la namna hiyo hiyo, dorean. Katika barua kwa Warumi, sura ya tatu, analitumia kusema kwamba watu wanahesabiwa haki pasipo malipo. Katika barua kwa Wagalatia, mwishoni mwa sura ya pili, analitumia lilo hilo kusema kwamba kama haki ingepatikana kwa sheria, basi kifo cha Kristo hakikuwa na maana. Wafasiri wa Biblia ya Muungano walilitia bure mahali pote pawili. Msomaji wa Kiingereza huletewa maneno mawili tofauti, naye haoni kwamba Paulo anaijenga hoja yake juu ya neno moja. Msomaji wa Kiswahili anayo hoja nzima mikononi mwake: ama wokovu ni wa bure, ama Kristo alikufa bure. Hakuna la tatu.

Kwa nini basi tunalionea haya? Kwa sababu kwetu cha bure hudhaniwa kuwa duni. Walimu wanakumbuka Januari 2003, elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure, na watoto zaidi ya milioni moja wakamiminika madarasani ambamo hapakuwa na madawati ya kutosha. Wengi walisema papo hapo kwamba elimu isiyolipiwa haitathaminiwa, na waliokuwa na uwezo wakawahamishia watoto wao shule za kulipia. Fauka ya hayo, tumelelewa na methali za jasho. Mchumia juani hulia kivulini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni methali nzuri, nami huwafundishia wanangu. Lakini zahusu shamba na masomo. Tukizipeleka mbinguni zitatuambia kwamba hata Mungu ni mwajiri.

Hapa yafaa niondoe dhana moja inayorudiwarudiwa darasani, kwamba Waprotestanti hufundisha imani na Wakatoliki hufundisha matendo. Ni kweli kwamba Luther, alipolitoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, alitia neno "pekee" katika Warumi 3:28 ambalo halimo katika Kigiriki, na mwaka 1530 akaandika waraka mzima kujitetea kwamba ndivyo Kijerumani fasaha kinavyodai. Ni waraka ambao kila mfasiri angepaswa kuusoma. Ni kweli pia kwamba mahali pekee katika Agano Jipya ambapo "imani" na "pekee" hukutana kwa namna hiyo ni katika Yakobo 2:24, na Yakobo anakanusha. Lakini Mtaguso wa Trento, katika tamko lake la 1547, ulisema kwamba hakuna kitu kinachotangulia kuhesabiwa haki, iwe imani au matendo, kinachoistahilisha neema hiyo. Na tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja juu ya fundisho hili. Wamethodisti walilikubali mwaka 2006, na makanisa ya jamii ya Presbiteri mwaka 2017. Ukimwona mwanafunzi wa kidato cha nne angali anaandika kwamba Wakatoliki hununua mbingu kwa matendo, ujue kwamba si Mkatoliki aliyebaki nyuma.

Ama Yakobo, mimi sioni kwamba anapingana na Paulo. Paulo anamjibu mtu anayeuliza aingieje nyumbani. Yakobo anamsuta aliyekwisha kuingia, akalala kochini, na huku ndugu yake nje hana nguo wala chakula. Paulo mwenyewe, mara tu baada ya kuyatoa matendo katika bei ya wokovu, anayarudisha kama kazi ambayo waliookolewa wameumbiwa. Katika nyumba ya Mwafrika jambo hili halina utata. Kibarua huchota maji ili alipwe. Mtoto wa nyumbani huchota maji vilevile, pengine ndoo nyingi zaidi, na hakuna siku aliyowahi kudhani kwamba akiugua asichote ataacha kuwa mtoto.

Najua pingamizi ambalo naibu wa mwalimu mkuu atalileta, kwa kuwa yeye ndiye anayelala na funguo za bweni. Atasema, tukiwaambia vijana kwamba wokovu ni wa bure watalegea. Hofu hiyo haidharauliki. Paulo mwenyewe aliulizwa swali hilo. Lakini natazama shule zetu na kuona kwamba walegevu na wakaidi hawakutoka katika wingi wa neema. Wengi wametoka katika hesabu. Tangu darasa la kwanza wameambiwa thamani yao kwa nambari, wakapangwa wa kwanza hadi wa mwisho, na yule aliyeshika mkia kwa miaka minane akaamua kwamba maadamu hawezi kushinda mchezo huo, heri auvuruge. Anapoingia kanisani akakuta huko nako kuna orodha na alama, hana mahali pengine pa kukimbilia.

Walimu wenzangu nawasikitikia katika jambo moja, ule mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Aliyeanza alfajiri na aliyeajiriwa saa moja kabla ya jua kutua wanalipwa dinari moja kila mmoja. Ingetokea katika shule yoyote ya umma, jambo hilo lingekuwa mezani kwa KNUT kabla ya kengele ya saa nne, na chama kingekuwa na haki. Mfano huo haukukusudiwa kufundisha jinsi ya kuwalipa walimu. Unakusudia kumkera kila mtu aliyedhani kwamba kwa Mungu kuna vyeo na kupandishwa madaraja, nami naamini kwamba mwalimu aliyekereka ndiye atakayeufundisha vizuri, mradi asikimbilie kuulainisha.

Basi msimu wa maombi ukifika, wakuu wa shule wana uwezo wa kufanya mambo mawili bila kungoja waraka kutoka wizarani. Waombe, lakini bahasha isipite wala nambari ya M-Pesa isitajwe. Mhubiri anayekataa sharti hilo aachwe abaki kwake. Na matokeo yakitoka, waitwe tena wale wale walioombewa, waliopata A na waliopata E, wawekewe mikono vichwani kwa usawa kama walivyowekewa kabla ya mtihani. Mikutano ya kwanza nimealikwa mingi. Huu wa pili bado sijaalikwa.